Waacheni waseme, Lucinda Williams alikuwa sahihi kuirudia albamu yake

Kila nikikuta watu wanaiongelea Car Wheels on a Gravel Road, albamu ya 1998 ya mwimbaji na mtunzi wa Marekani Lucinda Williams, lazima atokee mtu alete ile stori ya miaka sita iliyopita mpaka ikatoka. Kwamba huyu mama alirekodi akaacha, akarekodi upya, akakosana na mpiga gitaa wake, akabadilisha mji, akabadilisha prodyuza, akabadilisha lebo, yaani stori inapigwa weee mpaka nyimbo zenyewe zinakuja mwishoni kama nyongeza tu. Na inavyosimuliwa ni kama vile tunaongelea mtu mwenye matatizo. Mi hii albamu nimekaa nayo muda mrefu sana, naipenda kuliko karibu kila kitu kilichotoka Marekani miaka ya tisini, na ninavyozidi kuisikiliza ndo naamini kwamba ile kurudia ndo iliyotupa hii albamu, na kwamba aliyekuwa anasikia vizuri mle studio ni yeye. Ngoja nieleze.

Kwanza kwa ambao hamumjui. Lucinda Williams kazaliwa Lake Charles, Louisiana, Januari 26, 1953. Baba yake, Miller Williams, alikuwa mshairi na mwalimu wa chuo kikuu, mshairi kwelikweli, maana Bill Clinton alipoapishwa awamu ya pili Januari 1997 aliyesimama kusoma shairi ni huyo mzee. Kazi ya ualimu ilimhamisha sana baba na watoto wakahama naye, Mississippi, Georgia, Louisiana tena, Arkansas, mpaka Santiago kule Chile na Mexico City. Akiwa Lake Charles mzee aliwahi kukutana na Hank Williams mwenyewe, gwiji wa kantri, muda mfupi tu kabla Hank hajafariki Januari 1, 1953 (si ndugu, ni majina tu yamefanana), na Miller naye akaja kufariki Januari 1 hiyohiyo, mwaka 2015. Utotoni Lucinda alipelekwa kwa mwandishi Flannery O'Connor kule Milledgeville, Georgia, wakubwa wanaongea mambo ya vitabu yeye yuko nje anakimbiza tausi wa yule mama. Nayataja haya kwa sababu kwenye albamu utavisikia vyote viwili kwa pamoja, Hank wa redioni na watu wa vitabu wa sebuleni, na ukikosa kimoja hapo Lucinda humwelewi.

Huku kwetu ukisema kantri watu wanawaza Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, sauti tamu na mapenzi ya upole, na mi hao nawapenda, nimekua nawasikia redioni kama wengi wetu. Ila anachofanya Lucinda wanakiita rock ya mizizi, yaani gitaa za umeme zipo na drams zinapigwa kwa nguvu lakini muziki umerudi kuchota kwenye bluzi ya Mississippi, kantri ya zamani, folk, na ule muziki wa Cajun wa Louisiana wenye akordioni. Sasa hapo ndo shida yake ilipoanzia. Miaka ya themanini alikuwa anazunguka na demo yake mkononi, watu wa lebo Los Angeles wakimsikiliza wanasema hii ni kantri mno kwa soko la rock, akipelekwa Nashville wanasema hii ni rock mno kwa soko la kantri. Aliyekuja kumchukua ni Rough Trade, lebo ya Uingereza iliyojulikana kwa mambo ya punk, ndo wakatoa albamu yake ya 1988 yenye jina lake. Kwenye hiyo kuna wimbo Passionate Kisses, ambao Mary Chapin Carpenter aliurudia ukapata Grammy ya wimbo bora wa kantri 1994, tuzo ya mtunzi ikaenda kwa Lucinda. Wimbo uleule walioukataa! Kwa hiyo mtu huyu alivyofika 1995 alikuwa ameshajifunza jambo moja la msingi, kwamba wale wanaojifanya wanajua muziki wake unatakiwa usikike vipi mara nyingi hawajui.

Sasa tuje kwenye kurekodi, niieleze haraka tumalizane nayo. Albamu yake iliyotangulia, Sweet Old World, imetoka 1992. 1995 anaingia studio Austin, Texas, na Gurf Morlix, mpiga gitaa wake wa zaidi ya miaka kumi na prodyuza mwenzake kwenye zile albamu mbili zilizopita. Wanarekodi, kazi inakwenda mbele, lakini moyo wake haujatulia. Katikati ya hapo Steve Earle, mwimbaji na mtunzi mwenzake, anamwita aje kuimba naye wimbo mmoja, You're Still Standin' There, uliokuja kutoka kwenye albamu ya Earle ya 1996. Akaingia, akaimba, akasikiliza sauti yake ilivyotoka pale, na hapo kila kitu kikabadilika. Steve Earle na mwenzake Ray Kennedy walikuwa na studio yao Nashville imejaa mitambo ya zamani, na sauti za waimbaji walikuwa wanazichukua kwa karibu, ina nyama, ina mikwaruzo yake, huoni kitu kati yako na mdomo wa mwimbaji. Lucinda akasema nataka albamu yangu isikike hivi. Ikabidi warudie nyimbo Nashville. Morlix akaumia, akaondoka, na urafiki wa miaka yote ile ukavunjika, kitu ambacho kwa kweli kinauma ukikifikiria kwa sababu jamaa alikuwa ameifanyia kazi hii albamu kwa moyo (na jina lake bado lipo kwenye orodha ya waliopiga, msimsahau). Earle naye akabanwa na ziara zake, na yeye na Lucinda walishaanza kuchoshana, hivyo kazi ikahamia Los Angeles kwa Roy Bittan, mpiga kinanda wa E Street Band, huyo ndo akamalizia. Afu baada ya hapo kukawa na mambo ya lebo, albamu ilikuwa chini ya American Recordings, lebo ya prodyuza Rick Rubin, ikakwama kwenye mambo yao ya kibiashara, mwishowe Mercury wakaichukua na kuitoa Juni 30, 1998.

Umeona? Sehemu ya hiyo miaka sita haikuwa hata mikononi mwake. Lakini lawama zote zikawa zake. Mwaka 1997, albamu haijatoka bado, jarida la New York Times likachapisha makala ndefu ikimwonyesha studio akihangaika na vipande vidogovidogo vya sauti, na tangu hapo kila mwandishi akawa anakuja na neno lilelile, mkamilifu kupita kiasi, hana maamuzi. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba lilimkera na bado linamkera, na mi namuunga mkono mia kwa mia. Angalia tu huyo Roy Bittan alikotoka. Bosi wake Bruce Springsteen alitumia karibu miezi sita kwenye wimbo mmoja, Born to Run, wimbo MMOJA, na leo inasimuliwa kama ushahidi kwamba jamaa ana moyo wa kazi na ni msanii wa kweli. Mwanamke akifanya kwa albamu nzima inakuwa ugonjwa. Siwezi kulisema hili kwa upole kwa sababu naona ni uonevu wa wazi kabisa, na mbaya zaidi unawafanya watu wasisikilize alichokuwa anakitafuta.

Na alichokuwa anakitafuta ni nini? Mi nadhani alikuwa anatafuta nyimbo zisikike kama hakuna aliyezirekodi. Kama vile mtu kakaa tu pembeni yako anaongea. Hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, hasa ukiwa na wapigaji wakali namna ile, Buddy Miller, Charlie Sexton, Greg Leisz, Bo Ramsey, kila mmoja anaweza kukupigia solo ya kukutoa machozi, na kazi yote inakuwa ni kuwazuia wasizibe maneno. Ukisikiliza Right in Time, wimbo wa kwanza, utaelewa. Gitaa linaanza polepole, linameta, afu anaingia kuelezea mwanamke aliye peke yake nyumbani anamkumbuka mwanaume, anavua bangili na heleni zake, analala kitandani, na hisia zinaelezwa bila kuzungushwa na bila uchafu wowote. Alikuwa na miaka 45 wakati albamu inatoka. Fikiria tu soko la muziki wakati ule, na hata sasa, linavyowatendea wanawake wa umri huo, afu yeye anafungua albamu na wimbo wa matamanio ya mwili, anauimba kwa uvivu fulani wa makusudi, neno linachelewa kidogo nyuma ya mdundo, linaanguka pale linapotaka lenyewe. Ile sauti ingewekwa mbali nyuma ya gitaa wimbo ungekufa. Huu wimbo mmoja tu unatosha kunionyesha kwamba alikuwa na haki ya kusema hapana, turudie.

Wimbo wa pili ndo wenye jina la albamu, magurudumu ya gari kwenye barabara ya changarawe, na huu naomba nikae nao kidogo. Ni picha tu. Jikoni asubuhi kwenye nyumba kule Macon, redioni anaimba Loretta (Loretta Lynn, malkia wa kantri), harufu ya kahawa na mayai, mama anamwambia mtoto ajiandae, kuna mtu kaja au kaondoka, kuna safari, mashamba ya pamba yanapita dirishani, na nyuma ya gari kuna mtoto wa miaka minne mitano hivi uso una vumbi limechanganyika na machozi. Hakuna anayeeleza kwa nini wanaondoka. Hakuna anayesema nani kamkosea nani. Mtoto anasikia wakubwa wanavyoongea lakini haelewi, anachoelewa ni ile sauti ya changarawe chini ya tairi kwa sababu ndo sauti ya kuhama, na akiisikia anajua maisha yanabadilika tena. Mtu yeyote aliyehamahama na wazazi, wale wenzangu mliokuwa mnafungashwa kila mzazi akipata uhamisho wa kazi, huu wimbo mtaujua hata kama Kiingereza hakipandi.

Lucinda amesimulia kwamba aliuimba siku moja Bluebird Cafe, Nashville, baba yake yupo kwenye watazamaji. Shoo ilipoisha mzee akamfuata akamwomba msamaha. Akashangaa, msamaha wa nini? Mzee akamwambia yule mtoto wa kiti cha nyuma ni wewe. Na yeye, aliyeutunga, alikuwa hajaliona hilo! Alidhani anatunga picha tu za kusini mwa Marekani kama alivyozijua. Mimi kila nikiikumbuka hii stori nawaza kuhusu yule mzee, mshairi, mtu aliyekuwa anakagua mashairi ya binti yake kama anavyokagua ya wanafunzi wake, neno hili limezidi, neno hili toa, na siku hiyo anakaa kwenye kiti anasikia maisha ya nyumbani kwake yanasomwa na mtu aliyemfundisha mwenyewe kutazama. Wazazi walitengana, watoto wakabaki na baba, mama alikuwa na matatizo makubwa ya afya ya akili, hayo ameyaeleza vizuri kwenye kitabu chake cha maisha cha 2023. Kwenye wimbo hakuna hata kimoja cha hivyo kilichotajwa na vyote vimo.

Afu inakuja 2 Kool 2 Be 4-Gotten, wameiandika hivyohivyo na namba. Hii ilitokana na kitabu cha picha cha Birney Imes, mpiga picha wa Mississippi aliyezunguka kwenye vibaa vya watu weusi vya Delta, ule ukanda wa Mississippi ilikotoka bluzi, akipiga picha za kuta, meza za pool, taa za rangi, maandishi. Na picha ya jalada la albamu ni ya huyohuyo Imes. Lucinda alichukua maandishi ya ukutani kwenye zile picha akayafanya mistari, sheria za baa, majina ya watu walioandika kwamba walifika pale, ukiwahi kukaa kwenye grosari yenye kibao cha "mkopo kesho" na majina yamekwanguliwa mezani unajua ninachosema. Anataja Rosedale, Mississippi, anamleta mwanabluzi Robert Johnson kwenye kona ya baa na ile hadithi yake ya kuuza roho kwa shetani, analeta wale walokole wanaoshika nyoka ibadani, na mdundo unazunguka palepale bila kwenda popote, mzito, kama joto. Wapo wanaosema huu wimbo hauna stori. Ndio hauna, na mi ndo ninachoupendea.

Drunken Angel ni wa Blaze Foley, mtunzi wa Austin ambaye jina lake halisi lilikuwa Michael David Fuller. Alikuwa mlevi, hana makazi, anaficha moyo mzuri sana nyuma ya fujo, viatu vyake kavizungushia selotepu nene ya rangi ya fedha kuwakejeli wale waliokuwa wanajifanya makauboi wa mjini. Februari 1, 1989 alipigwa risasi akafa, ana miaka 39, kwenye ugomvi wa kumtetea rafiki yake mzee, na aliyempiga aliachiwa na mahakama kwa maelezo kwamba alijitetea. Nyimbo zake wakali wa kantri Merle Haggard na Willie Nelson waliziimba, If I Could Only Fly hasa, ila yeye mwenyewe pesa hakuiona. Lucinda hamwombolezi kwa heshima za msibani, anamgombeza. Kwa nini ulijiachia, kwa nini ulitufanyia hivi, we malaika mlevi. Ukishapoteza mtu ambaye pombe ilimchukua polepole unaijua hiyo hasira, unampenda na unataka kumzaba kibao kwa wakati mmoja, na ni mara chache sana nimeisikia imewekwa kwenye wimbo bila kupunguzwa makali.

Na hapohapo mbele kidogo kuna Lake Charles, msiba mwingine kabisa kwa sauti nyingine kabisa. Huu ni wa Clyde Woodward, mpenzi wake wa zamani aliyefariki 1991 kwa ugonjwa wa ini. Jamaa alizaliwa Nacogdoches, Texas, karibu na mpaka, lakini alikuwa anapenda kuwaambia watu yeye ni wa Lake Charles. Basi, ndo ufunguo wa wimbo mzima. Hampi sifa, hasemi alikuwa mtu mwema, anasema alikuwa anadanganya kwao ni wapi kwa sababu alipenda kwingine zaidi, na anaelezea walivyokuwa wanaendesha gari usiku huko Louisiana, Lafayette, Baton Rouge, mwanabluzi Howlin' Wolf anaunguruma kwenye spika. Afu kwenye kiitikio anauliza tu, je malaika alikunong'oneza sikioni dakika zile za mwisho? Aliyeulizwa hawezi kujibu. Akordioni ya Bittan inapumua nyuma taratibu, gitaa la slaidi linalia kwa mbali, na sauti yake kwenye mistari ya mwisho ya kiitikio inakaribia kukatika lakini haikatiki. Mi hapo huwa natulia kwanza kabla ya kuruhusu wimbo unaofuata uingie.

Kitu kimoja mtakiona mkisikiliza hizi nyimbo kwa mpangilio ni majina ya miji. Lake Charles, Nacogdoches, Lafayette, Opelousas, Algiers, Rosedale, Greenville, West Memphis, Slidell, Vicksburg, Macon, Jackson. Siku moja nilifungua ramani kwenye simu nikawa nazifuata, na unaona kabisa zote zinalala kwenye ule ukanda wa kusini, Louisiana, Mississippi, kidogo Texas, kidogo Arkansas, Georgia pembeni huko. Watunzi wengi wakitaja mji wanataja kwa ajili ya vina. Huyu anataja kwa sababu kitu kilitokea hapo. Nadhani hii ndo sababu albamu haizeeki, haimwimbii "mpenzi" na "moyo" wa hewani, kila maumivu yana anuani yake.

Can't Let Go si utunzi wake, ni wa Randy Weeks, na ndo wimbo wa kuchezea kidogo, bluzi ya haraka haraka ambayo ikianza tu mguu unaanza kugonga chini wenyewe. Ilimpa uteuzi wa Grammy upande wa sauti ya kike ya rock. Robert Plant na Alison Krauss nao waliirudia 2021, nzuri, ila ya Lucinda ina uchungu zaidi. I Lost It ni wimbo wake wa zamani, ulishatoka kwenye Happy Woman Blues ya 1980, akaurudia hapa, kwa hiyo hata kurudia kwenyewe si jambo la kuanza na hii albamu, ndo alivyo, wimbo kwake haufungwi mpaka uwe umekaa sawa. Concrete and Barbed Wire na Still I Long for Your Kiss ni nzuri tu, sina mengi ya kusema juu yake, nikiwa na haraka naweza kuziruka.

Greenville siwezi kuiruka. Mwanamke anamwambia mwanaume arudi Greenville. Basi. Anayataja aliyoyafanya, kulewa, kupigana na watu, kupaza sauti, kutafuta ugomvi hata usipokuwepo, na hakuna kelele yoyote, anamwambia kwa sauti iliyochoka kabisa, rudi tu Greenville. Na anayemsindikiza kwa sauti ya juu ni Emmylou Harris, mwimbaji wa kantri ambaye kwa wanaomjua hakuna haja ya maelezo. Wale wawili wakikutana kwenye jina la ule mji, mmoja sauti yake imekwaruzika na mwingine iko safi, mi nasikia wanawake wengi sana mle. Nina dada na mashangazi ambao walihitaji kuusikia huu wimbo miaka ile.

Metal Firecracker nayo ni ya mapenzi ya kwenye basi la ziara, hilo jina ndo walivyokuwa wanaliita basi. Mapenzi yameisha, hataki kurudiwa, anachoomba ni jamaa asimwambie mtu zile siri alizompa. Huo mstari ndo alioufanya jina la kitabu chake cha 2023, na ukifikiria ni ajabu, mtu anaomba siri zake zitunzwe afu kichwa cha kitabu anachozitoa ni hilohilo ombi.

Joy ndo mlipuko. Kodi (chord) moja ya gitaa karibu wimbo mzima, mdundo wa kukanyaga, na anachosema ni kwamba umechukua furaha yangu naitaka irudi. Anaenda kuitafuta West Memphis, anaenda kuitafuta Slidell, kana kwamba furaha ni kitu mtu kakiazima na kuondoka nacho, na hasira inapanda kila akirudia. Jukwaani huu wimbo huwa unarefushwa sana, magitaa yanaachiwa yajimwage. Kwenye toleo la nyongeza la 2006 waliweka diski ya pili ya shoo ya Philadelphia ya 1998, itafuteni, maana mle ndo utaona bendi ilikuwa na nguvu kiasi gani ikitoka nje ya studio.

Na wa mwisho ni Jackson. Hapa gitaa tu na sauti kwa kiasi kikubwa, na safari. Nikifika Lafayette sitajali. Nikifika Baton Rouge sitalia. Nikifika Vicksburg, nikifika Jackson, hivyohivyo. Angalia ramani tena, ni barabara kweli, unatoka Lafayette unakwenda mashariki Baton Rouge, unapandisha kaskazini Vicksburg, afu unakata mashariki Jackson, hajaruka mji hata mmoja kwa ajili ya kupata vina. Na kwa jinsi anavyohesabu miji unajua kabisa kwamba pale anapoongea ameshaanza kulia, na kila mji unasogezwa mbele kwa sababu huu wa sasa umeshindikana. Sijui kama nimewahi kusikia wimbo wa kuachana wenye maneno machache namna hii.

Kwa hiyo ilivyotoka ikawaje? Wakosoaji wakasalimu amri. Kwenye ile kura kubwa ya wakosoaji wa Marekani iliyokuwa inaendeshwa na Village Voice, gazeti la New York, ikashika namba moja kwa 1998, ikachukua Grammy ya albamu bora ya folk ya kisasa (folk! bado tu hawakujua waiweke wapi), na ikawa albamu yake ya kwanza kufika dhahabu, yaani nakala nusu milioni Marekani. Kwenye orodha ya Rolling Stone ya 2020 ya albamu 500 bora iko ndani ya mia za kwanza. Na ni nyimbo 13, dakika hamsini na kitu tu. Wale waliokuwa wanasema hana maamuzi wakaanza kusema ni kazi bora isiyo na doa, sasa doa lingetokaje wakati mwenyewe alikuwa analitafuta na kulifuta, nyie mnamcheka?

Kinachonifurahisha zaidi ni kilichofuata. Essence ilitoka 2001, miaka mitatu tu baadaye, nyepesi, maneno machache, na tangu hapo amekuwa akitoa kazi moja baada ya nyingine. Kama kweli ule ulikuwa ugonjwa wa kutoridhika mbona ulipona? Kwa sababu haukuwa ugonjwa, alikuwa hajapata sauti yake kwenye tepu, alipoipata akaendelea na kazi. 2018 alizunguka akiipiga Car Wheels yote kuadhimisha miaka 20. Novemba 2020 akapata kiharusi, gitaa likamgomea, lakini sauti ilibaki, 2021 akarudi jukwaani, wengine wanampigia magitaa yeye anaimba, na 2023 akatoa albamu nyingine.

Kama hujawahi kumsikiliza usianze na orodha ya nyimbo bora iliyochanganywa na watu. Weka Car Wheels kuanzia Right in Time uiache iende yenyewe mpaka Jackson, na uwe na maneno ya nyimbo pembeni kama Kiingereza cha kusini kinakusumbua, maana anavuta maneno sana. Ukifika Lake Charles usibonyeze kitu. Afu ukimaliza niandikie hapo chini wimbo gani umekukamata, na wale wa Sweet Old World najua mpo, tubishane, mi msimamo wangu nimeshautoa.